Nani aliyesema mbili na mbili ni nne?

KILA mmoja wetu, hata yule anayesema kuwa hesabu zilimshinda tangu darasa la nne, anaishi kwa hesabu. Akipanda daladala anajua chenji yake ni kiasi gani. Mwaka wa zaka ukimtimia anajua kuwa katika kila shilingi arobaini anatoa moja. Akifiwa na mzazi wake anakwenda kwa sheikh na orodha ya warithi, na sheikh anachukua kalamu na karatasi. Katika mambo yote haya watu hubishana kuhusu nani mrithi na nani si mrithi, lakini hajapatikana mtu wa kusimama na kusema kuwa kwake yeye nusu na robo si robo tatu.

Basi hebu tujiulize swali ambalo mara nyingi tunalipita. Elimu hii ya hesabu, ambayo tunaiamini kiasi hiki, tumeipata wapi? Hakuna aliyewahi kukutana na namba saba njiani. Tumeona mbuzi saba na tumeishi siku saba, lakini saba yenyewe haionekani, haishikiki wala haina uzito. Imekuwaje basi kitu kisichoonekana tukijue kwa yakini kubwa kuliko vitu tunavyoviona kwa macho?

Swali hili si la kupotezea muda. Mjini siku hizi mtu akitaka kukushawishi anakuja na namba. Mfanyabiashara, mwanasiasa, mtaalamu wa uchumi na mtu wa upatu, wote wanakufungulia jedwali na kukuambia kuwa namba hazidanganyi. Anayejua yakini ya hesabu inatoka wapi na inaishia wapi, atajua lini akubali na lini aulize. Asiyejua atafanya moja kati ya mawili: ama ataamini kila chenye namba, ama ataichukia hesabu na kuwaambia watoto wake kuwa hiyo si elimu yao. Yote mawili ni hasara.

Zinagunduliwa au zinatungwa?

Wanafalsafa wamegawanyika katika jambo hili tangu zamani. Plato, Mgiriki aliyefariki mwaka 347 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), alisema namba na maumbo vipo kweli, ila havipo katika dunia hii ya vitu vinavyooza. Katika kitabu chake kiitwacho Meno anasimulia jinsi Socrates alivyomhoji kijana mtumwa ambaye hakusomeshwa. Alimchorea mraba akamtaka achore mwingine wenye eneo mara mbili. Kijana akaanza kwa kuzidisha upande mara mbili, akapata mraba wenye eneo mara nne. Akaulizwa tena na tena, mpaka mwisho akaona mwenyewe kuwa mraba unaotakiwa ni ule unaojengwa juu ya mstari wa kona hadi kona. Plato akahitimisha kuwa elimu hiyo ilikuwemo ndani ya nafsi ya kijana, na maswali yalikuja kumkumbusha tu.

Mwanafunzi wake Aristotle hakukubali. Kwake yeye hakuna dunia nyingine ya namba. Tunaona vitu, kisha akili inaacha rangi, uzito na joto lake, inabaki na idadi na umbo. Namba, kwa maana hiyo, ni sifa ya vitu iliyochujwa na akili.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1843, Mwingereza John Stuart Mill alikwenda mbali zaidi. Alisema hesabu ni elimu ya uzoefu kama elimu nyingine. Tumejua kuwa mbili na tatu ni tano kwa sababu kila tulipokusanya mawe mawili na matatu tulipata matano.

Rai ya Mill inaingia akilini haraka, lakini ina matatizo makubwa mawili. La kwanza ni hili: chukua lita moja ya maji uichanganye na lita moja ya spiriti. Hutapata lita mbili kamili, utapata pungufu kidogo. Je, kuna mtu atasema moja na moja si mbili? Hapana. Sote tutasema vimiminika hivyo vimeingiliana. Yaani uzoefu ukipingana na hesabu, hatuilaumu hesabu, tunatafuta kilichotokea kwa vitu. Elimu inayotegemea uzoefu haiwi hivyo.

La pili ni kuwa wanahisabati hawaridhiki na mifano hata ikiwa mingi namna gani. Chukua namba yoyote kuanzia sifuri, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyo hiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41, ukianza na 1 unapata 43, na 2 unakupa 47, na 3 unakupa 53. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Endelea mpaka 39, mara arobaini mfululizo, na kila mara utapata namba tasa. Mtu wa kawaida hapo atasema basi imethibiti. Lakini ukifika 40 unapata 1681, nayo ni 41 mara 41. Mifano arobaini imekudanganya!

Ndio maana lipo dai la Mjerumani Goldbach, alilomwandikia mwenzake Euler mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko mbili ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimeshalijaribu mpaka kwenye namba kubwa kuliko bilioni moja mara bilioni moja, na halijakosea hata mara moja. Pamoja na hayo, mpaka leo linaitwa dhana, haliitwi kanuni, kwa kuwa halijapata uthibitisho.

Shaka ya Imam al-Ghazali

Wako wanaodhani kuwa mijadala hii ni ya Wazungu peke yao. Sivyo. Imam al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, aliligusa jambo hili katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal, ambamo anaeleza safari yake ya kuitafuta yakini. Alichukua hesabu kama mfano wa elimu ya yakini. Anaeleza kuwa lau mtu angemwambia kuwa tatu ni nyingi kuliko kumi, na kuthibitisha dai lake akageuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yake, yeye angestaajabu ameigeuzaje, lakini asingekuwa na shaka kuwa kumi ni nyingi kuliko tatu.

Kisha akajibana zaidi. Jicho linaona nyota ni ndogo kama sarafu, na akili kwa hesabu ya falaki inaonyesha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi hisia zilidai kuwa ni za kweli mpaka ilipokuja akili ikazikadhibisha. Ni nini kinachozuia kuwa juu ya akili yupo hakimu mwingine, ambaye akidhihiri ataikadhibisha akili kama akili ilivyozikadhibisha hisia? Hali hiyo ilimkaa karibu miezi miwili. Na hakutoka kwa kupanga hoja, kwani ili upange hoja unahitaji kwanza kuziamini kauli za msingi, na hizo ndizo zilizokuwa katika shaka. Anasema alitoka kwa nuru ambayo Allah (s.w.) aliitia katika kifua chake.

Unaweza kuikubali tiba yake au kutafuta nyingine, lakini ugonjwa alioutambua ni wa kweli, na wanafalsafa wa leo bado wanao. Kila uthibitisho unaegemea juu ya kitu kilichokubaliwa kabla yake. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua, utafika mahali ambapo huna tena uthibitisho wa kuonyesha. Unasema tu: hili liko wazi. Na lililo wazi, liko wazi kwa nani?

Kauli ya tano

Mfano mkubwa kuliko yote katika jambo hili ni kauli ya tano ya Euclid. Mgiriki huyu, yapata mwaka 300 kabla ya Nabii Isa (a.s.), aliijenga jiometri yote juu ya kauli chache za msingi ambazo hakuzithibitisha. Nne kati ya zile tano zilizohusu michoro ni nyepesi, kama ile inayosema kuwa kati ya nukta mbili unaweza kupitisha mstari ulionyooka. Ya tano ilikuwa ndefu na nzito. Kwa namna inavyofundishwa siku hizi inasema: ukiwa na mstari, na nukta iliyo nje ya mstari huo, kupitia nukta hiyo unapita mstari mmoja tu ulio sambamba na ule wa kwanza.

Watu wakasema hii haifanani na kauli ya msingi, lazima ithibitishwe kutokana na zile nne. Wanazuoni wa Kiislamu waliibeba kazi hii kwa karne nyingi. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyehamia Cairo na kufariki yapata mwaka 1040, alijaribu kwa kuuwazia mstari uliosimama wima juu ya mwingine na unaotembea pasipo kuinama. Umar al-Khayyam, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi tu, aliandika kitabu mwaka 1077 akampinga. Hoja yake ilikuwa ya kifalsafa hasa: mwendo umeingiaje katika jiometri? Mistari ya jiometri si vitu vya kusukumwa. Mnaona ndugu zangu? Wote wawili walikuwa wakitafuta kanuni ile ile, lakini walitofautiana katika swali letu la leo, yaani vitu vya hisabati ni vitu vya namna gani na ni hoja ipi inayokubalika juu yake.

Khayyam akaleta njia yake. Akachora umbo la pande nne lenye pembe mraba mbili chini na pande mbili za kusimama zilizo sawa, akauliza: pembe mbili za juu zitakuwaje? Ama ni mraba, ama ni ndogo kuliko mraba, ama ni kubwa kuliko mraba. Akajaribu kuonyesha kuwa hizo mbili za mwisho haziwezekani. Nasir al-Din al-Tusi, aliyefariki mwaka 1274, akaendelea na njia hiyo. Kitabu cha Kiarabu kilichonasibishwa kwake kilichapwa Rome mwaka 1594, na kikawafikia wanahisabati wa Ulaya. Mtaliano Saccheri mwaka 1733 alizitazama pembe zile zile tatu.

Lakini kila uthibitisho ukichunguzwa ulikutwa umeiingiza kauli ya tano kwa mlango wa nyuma. Mpaka ulipofika mwaka 1829, Lobachevsky wa Kazan nchini Urusi, na mwaka 1832 Bolyai wa Hungary, kila mmoja kwa njia yake, wakatangaza jambo ambalo halikutarajiwa. Ukiikataa kauli ya tano, ukasema mistari sambamba inayopita kwenye nukta ile ni mingi, hupati mgongano wowote. Unapata jiometri nyingine kamili, yenye kanuni zake. Mwaka 1854 Mjerumani Riemann akafungua mlango wa jiometri nyingi zaidi, ikiwemo ile ambayo mistari sambamba haipo kabisa.

Jambo hili lilimgonga hasa Immanuel Kant na wafuasi wake. Kant alikuwa amefundisha mwaka 1781 kuwa tuna yakini ya jiometri kwa sababu akili ya mwanadamu imeumbwa kuiona nafasi kwa namna hiyo na haiwezi kuiona vingine. Kumbe akili inaweza kuwaza vingine pasipo kujipinga. Na mwaka 1915 Einstein alipoandika nadharia yake ya mvutano, jiometri aliyoitumia kuueleza ulimwengu haikuwa ya Euclid, ilikuwa ya njia ya Riemann.

Qibla na ramani ya ukutani

Asidhani mtu kuwa haya ni ya vitabuni tu. Tufe la dunia ni mahali ambapo mistari iliyonyooka haiwi kama ya ubaoni. Toka Ncha ya Kaskazini, shuka moja kwa moja mpaka ikweta nchini Uganda. Geuka kulia kwa pembe mraba, fuata ikweta kuelekea magharibi robo ya mzunguko wa dunia, utafika katika misitu ya Brazil. Geuka tena kulia kwa pembe mraba na upande moja kwa moja mpaka nchani. Utakuta umeacha nyuma yako pembetatu yenye pembe mraba tatu, jumla ya nyuzi 270. Mwalimu alituambia pembe za pembetatu ni nyuzi 180! Hakukosea. Alisema kweli juu ya ubao, na kweli hiyo ina sharti: ikiwa sehemu unayochora ni bapa.

Waislamu wa Amerika ya Kaskazini walibishana sana juu ya jambo hili hili. Mtu akiwa New York akitazama ramani ya ukutani anaiona Makkah iko kusini mashariki. Lakini njia fupi kuliko zote juu ya tufe, kutoka New York kwenda Makkah, inaanza kwa kuelekea kaskazini mashariki, na misikiti mingi huko imeelekezwa hivyo. Sisi wa pwani tumesalimika na mgogoro huo, kwani kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, Makkah iko karibu kaskazini kabisa, na ramani na tufe vinakubaliana. Lakini al-Biruni, miaka elfu moja iliyopita, alilijua jambo hili vizuri, akaandika kitabu kizima cha vipimo ambacho lengo lake lilikuwa kuihesabu qibla ya mji wa Ghazna kwa hesabu za tufe.

Nyufa katika msingi

Baada ya jiometri kuwa nyingi, watu wakasema walau hesabu za namba zibaki imara. Mjerumani Frege akataka kuzijenga juu ya mantiki tupu. Kitabu chake cha pili cha kazi hiyo kilikuwa kwa mchapishaji, mwaka 1902, alipopokea barua ya Bertrand Russell. Tatizo alilolionyesha Russell tunaweza kulifananisha hivi: chukua daftari linaloorodhesha madaftari yote yasiyojitaja yenyewe, na hayo tu. Je, daftari hili lijitaje? Likijitaja, halistahili kuwemo. Lisipojitaja, linastahili kuwemo. Jengo la Frege lilikuwa na mgongano huu ndani ya msingi wake.

Hapo wakatokea watu wa rai tofauti. David Hilbert alisema tuandike kauli zote za msingi na sheria zote za kuhitimisha, kisha tuthibitishe kuwa hazitagongana kamwe. Mholanzi Brouwer alisema hisabati ni kazi ya akili, na kitu ambacho hatujakijenga wala kukithibitisha hatuna haki ya kusema kipo. Kwa Brouwer, dhana ya Goldbach hatuwezi leo kusema kuwa lazima ni kweli au si kweli, mpaka mtu alete ujenzi wake.

Mwaka 1931 kijana wa Austria, Kurt Gödel, akalitolea jibu tumaini la Hilbert. Alithibitisha kuwa kila mfumo wa kauli na sheria zinazoweza kuhakikiwa hatua kwa hatua, ukiwa hauna mgongano na unatosha kufanya hesabu za kawaida za namba, utakuwa na kauli za kweli ambazo mfumo huo hauwezi kuzithibitisha. Na zaidi ya hapo, mfumo huo hauwezi kujithibitishia wenyewe kuwa hauna mgongano. Tahadhari ndugu msomaji: wako wanaomtumia Gödel kusema kuwa hakuna ukweli, kila mtu na lake. Hakusema hivyo. Alichokisema ni kuwa ukweli wa namba ni mpana kuliko sanduku lolote la sheria tutakaloliunda. Na hilo alilisema kwa uthibitisho.

Hasi mara hasi

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa, na swali ambalo wanafunzi huliuliza kwa hasira kuliko yote ni hili: nani alisema hasi mara hasi ni chanya? Walimu wengi hujibu: ndio kanuni, ikariri. Mimi naliona swali hilo kuwa swali letu lote kwa ufupi.

Namba hasi hakuziona mtu shambani. Watu walizitunga ili waweze kuhesabu madeni na kutoa kikubwa katika kidogo. Mpaka hapo wako huru. Lakini walipoamua kuwa namba hizi mpya zifuate sheria zile zile za zamani za kujumlisha na kuzidisha, uhuru uliishia hapo. Tazama: 4 na hasi 4 jumla yake ni sifuri. Hasi 3 ukizidisha kwa sifuri ni sifuri. Basi hasi 3 mara 4, ukijumlisha na hasi 3 mara hasi 4, lazima iwe sifuri. Ya kwanza ni hasi 12. Kwa hiyo ya pili haina njia ila kuwa chanya 12. Na ukitaka kwa lugha ya duka, mtu akikufutia madeni matatu ya shilingi elfu nne, hali yako imepanda kwa elfu kumi na mbili.

Hapa ndipo ninaposimama mimi katika mjadala huu. Wanaosema hisabati inatungwa wamesema kweli kuhusu mwanzo wa safari. Wanaosema inagunduliwa wamesema kweli kuhusu njia. Binadamu anachagua aanzie wapi, lakini hachagui atafika wapi. Khayyam hakuwa na uwezo wa kuziamuru pembe zake ziwe mraba. Yakini ya hisabati imo ndani ya neno "ikiwa": ikiwa umekubali haya, basi haya yatafuata, upende usipende, uwe Baghdad au Bagamoyo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tujue mahali hesabu inapoishia. Mwanamke amefariki hakuacha mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume fungu lake ni nusu, na dada wawili fungu lao ni theluthi mbili. Jumlisha: unapata saba ya sita, zaidi ya mali yote. Hesabu imeshasema kwa yakini kuwa mafungu hayaenei. Lakini haikusema tufanye nini. Kesi ya namna hii ilipomfikia Khalifa Umar (r.a.) alishauriana na masahaba, ikapitishwa awl: mali igawanywe mafungu saba, mume apewe matatu na dada manne, upungufu uwaguse wote. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa na rai nyingine. Hawakutofautiana kuhusu jumla ya nusu na theluthi mbili, walitofautiana kuhusu uadilifu. Basi anapokuja mtu na jedwali la kodi au la bajeti akasema namba zimeamua, muulize: zimeamua, au zimekueleza tu, na aliyeamua ni wewe?

Pili, pale hesabu inaposema, tusikilize mapema. Upatu wa piramidi unamtaka kila anayeingia alete watu sita. Anza na mtu mmoja. Ngazi ya kwanza watu 6, ya pili 36, na ukifika ngazi ya kumi, ukijumlisha wote, umehitaji watu 72,559,411. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na humo wamo watoto wachanga. Huhitaji kusubiri mpango uanguke wala kuchunguza tabia za waanzilishi wake. Ikiwa sharti ni watu sita, basi wa mwisho watapoteza fedha zao, na wa mwisho ndio wengi. Huu ndio uwezo wa "ikiwa": unakupa yakini kabla ya msiba.

Tatu, tushike tahadhari mbili alizoziacha Imam al-Ghazali katika kitabu kile kile. Alisema hisabati ina madhara mawili, na yote hayatoki katika hisabati yenyewe. La kwanza ni mtu anayevutiwa na uimara wa hoja za hesabu, kisha akadhani kila anachosema mtaalamu wa hesabu, hata katika mambo ya dini na maisha, kina uimara ule ule. La pili ni rafiki mjinga wa Uislamu, anayedhani anaitetea dini kwa kukanusha elimu zote hizo, hata hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Mtu anayezijua hoja zake akisikia hivyo haitilii shaka hesabu, anaitilia shaka dini. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakiwa na miwani yao, kutazama jua likipatwa likabaki kama pete. Siku na saa vilijulikana miaka mingi kabla. Ama hukumu ya kuswali wakati wa kupatwa, hiyo haikutoka kwenye hesabu na hesabu haiipingi. Kila moja mahali pake.

Nne, na hili nawaambia wazazi na walimu wa shule zetu. Katika fiqh tunatofautisha kati ya muqallid, anayefuata kauli ya mwingine bila kujua dalili yake, na anayeijua dalili. Mtoto anayekariri kuwa hasi mara hasi ni chanya ni muqallid wa hisabati. Katika dini mtu wa kawaida ana udhuru wa kumfuata mwanachuoni, kwa kuwa zana za ijtihadi hana. Katika hesabu za shule udhuru huo haupo, maana dalili nzima inaenea kwenye nusu ukurasa na mtoto wa miaka kumi na nne anaweza kuishika mwenyewe. Kumnyima ni kumnyima kitu adimu sana hapa duniani: kujua jambo si kwa kuwa mkubwa amesema, wala kitabu kimeandika, bali kwa kuwa ameliona kuwa haliwezi kuwa vingine. Aliyeionja yakini hiyo mara moja hadanganyiki kirahisi na yakini ya bandia.

Basi mwanao akija na daftari lake jioni akakuuliza kwa nini, usimwambie ndio kanuni. Ikiwa hujui, kaeni wote wawili na karatasi, mrudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mfike kwenye lile mlilolikubali wote. Na ukifika kule chini kabisa, ambako hakuna tena hoja ya kuonyesha, mwambie ukweli: hapa ndipo walipofika na wakubwa, na bado wanajadiliana.

Wallahu a'lam.